Kipimo Nilichokifeli kwa Makusudi

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimefeli mtihani kwa makusudi. Mingine yote maishani niliifeli bila kukusudia, kwa hiyo haya ni maendeleo.

Daftari hili klabu imetupa tuandikie mbinu za kocha. Mbinu za kocha ziko tatu, na zote maana yake ni mpeni mpira yule mrefu. Kurasa zilizobaki ni zangu.

Sasa mtihani. Kila mwanzo wa msimu daktari wa timu anatupima vichwa. Si mafua, si macho. Kichwa chenyewe, kinavyofanya kazi. Anakusomea maneno kumi, unayarudia. Unahesabu kurudi nyuma kutoka mia, ukitoa saba saba. Unasimama kwa mguu mmoja umefumba macho. Alama zako anazifungia kwenye faili. Ukija kugongwa kichwani katikati ya msimu, anakupima tena na kulinganisha. Zikiwa zimeshuka, uwanja hukanyagi mpaka zipande.

Aliyenizindua ni Babu. Babu si babu wa mtu — ana miaka thelathini na sita, ila kwenye mpira wa kikapu hiyo ni mizigo tayari iko mlangoni. Alinivuta pembeni, karibu na makabati. Dogo, usiende kujifanya profesa mle ndani. Jishushe leo, ili siku ukigongwa uonekane uko vilevile. Sisi wote tumefanya hivyo.

Basi nikaigiza. Maneno kumi, nikataja matatu: sabuni, ngazi, mkate. Mengine saba nilikuwa nayo mdomoni yananicheka. Mguu mmoja, nikayumba mpaka dokta akanyoosha mkono kunidaka. Kuhesabu nikafika themanini na sita nikamwambia hapo ndipo tulipoachia shuleni.

Dokta akanitazama kwa juu ya miwani. Kisiki, wewe ulisoma mpaka wapi? Nikamwambia mpaka daftari lilipoisha. Hakucheka yule mama. Akanipa karatasi nisaini, kwamba nimejibu yote kwa ukweli na nikigundulika vinginevyo mkataba umekufa. Sahihi yangu ilitoka nzuri ajabu.

Alhamisi, 12 Septemba

Chumba cha kubadilishia nguo leo kilikuwa bunge. Hoja: nani wagumu, wachezaji wa zamani au sisi?

Babu alianza kucheza wale wa zamani walipokuwa wanamalizia, kwa hiyo yeye ndiye shahidi. Anasema enzi hizo mtu alikuwa anakula ngumi ya wazi, refa anapuliza filimbi, anasema mpira wenu, mchezo unaendelea. Daktari alikuwa ndoo ya barafu. Sisi je? Sisi mtu akiguswa bega anatafuta kwanza kamera iko wapi. Ugomvi wetu ni huu: unamsukuma mwenzio, unarudi hatua mbili, unasubiri wenzako wakushike. Ukishashikwa vizuri ndipo unapandisha: niacheni, niacheni nimfundishe adabu. Msimu uliopita mmoja wetu alisahauliwa kushikwa. Akabaki kasimama na ngumi zake, watu wote wanamtazama, mwisho akainama akafunga kamba za raba. Tulicheka mpaka kocha akaja kuuliza nani kafa.

Nikawaambia mimi sihitaji wa kunishika. Mimi mtoto wa Radi.

Na ni kweli. Radi ni baba yangu. Nenda ukumbi wowote wenye kikapu, utaje jina hilo kwa mtu mwenye mvi, utaona anavyojishika taya. Yeye na Trekta wa timu pinzani walipigana siku moja wachezaji wakashindwa kuwaachanisha, marefa wakashindwa, ikabidi mlinzi wa ukumbi azime taa. Giza tororo. Taa zilipowaka, bado walikuwa wameshikana vilevile, kila mmoja anatafuta pa kupiga. Hadithi hiyo nimelelewa nayo. Wenzangu walipewa maziwa.

Leo Baba amenyoa ndevu upande mmoja. Akatoka bafuni hivyo, kajipaka mafuta, safi. Nikamwambia mzee, staili mpya hiyo, vijana watakuiga. Akacheka. Mama akamshika mkono, akamrudisha ndani na wembe. Ana miaka hamsini na mbili, Baba.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumeshinda! Jana. Mechi ya kwanza ya ligi, nyumbani, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi.

Wao wana Mnara. Mtu mzima yule, akiinua mkono anagusa kamba za kikapu bila kuruka. Robo ya kwanza alitufanya watoto wa chekechea. Robo ya pili kocha akanigeukia. Kisiki, nenda kamchoshe. Hiyo ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Sifungi sana, sipigi chenga. Naingia, nasimama chini ya kikapu, nagongwa, sing'oki. Faulo nilizonazo ni tano, nazitumia zote kwa mtu mmoja.

Nikamwambia Mnara sikioni, mzee, mama yako amekuletea sweta, anasema huko juu kuna baridi. Akacheka kidogo. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu mpira ukagonga ubao ukarudi, tukaruka wote, akashuka na kiwiko. Hapa, kwenye panja.

Niliona weupe. Halafu nikamwona refa ana midomo inayocheza bila sauti. Nikainuka. Sikusubiri kushikwa mimi. Nikamrukia Mnara kifuani, tukaanguka pamoja, nikampata mbili tatu za mbavu. Ukumbi mzima umesimama, wazee wanaita Radi! Radi! Wananiita mimi jina la baba yangu. Refa, badala ya kututoa nje, akatupa kila mmoja faulo ya kiufundi, tukaendelea.

Sasa hapa ndipo pana jambo la kuchekesha. Wanasema robo ya nne nilifunga pointi kumi na moja. Mimi, ambaye msimu mzima uliopita sikufika ishirini. Leo nimeangalia video kwenye simu mara nne. Yule jamaa anakimbia kama mimi, amevaa jezi yangu, anafunga, anajipiga kifua. Simkumbuki hata kidogo.

Ni mchezaji mzuri lakini. Nampa pongezi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Dokta kaniita asubuhi. Kipimo.

Akasoma maneno kumi. Nikataja matatu. Akangoja. Mashine yake ya upepo inalia kwenye dirisha, mwanga umenijaa usoni kama mtu ananirushia maji. Akaniuliza, hayo tu? Nikamwambia hayo tu dokta, si unanijua.

Safari hii sikuigiza.

Mguu mmoja, nikayumba. Kuhesabu, nikafika tisini na tatu, nikapotea. Akafungua faili la Septemba, akaweka karatasi mbili sambamba. Akazitazama muda mrefu. Akasema kwa karatasi hizi uko vilevile. Kwa karatasi hizi siwezi kukuzuia.

Alisema kwa karatasi hizi mara mbili. Halafu akavua miwani, akasema mwanangu, kama kuna kitu kuhusu Septemba ungependa kuniambia, mlango umefungwa.

Nikafikiria ile sahihi yangu nzuri. Nikisema, mkataba umekufa, na nikitoka hapa sina cheti wala ufundi, nina mabega tu. Nisiposema, nacheza Jumamosi.

Nikamwambia Septemba nilikuwa na njaa, ndiyo maana nilikumbuka mkate. Akavaa miwani yake. Akasaini.

Jumatano, 9 Oktoba

Kichwa. Mazoezi nimemaliza. Nimetapika kwenye choo cha nyuma, bomba nikalifungua lipige kelele. Nikarudi nikatania watu. Hakuna aliyejua.

Jumapili, 13 Oktoba

Jana tumefungwa. Nilicheza dakika ishirini. Kocha aliita namba ya mbinu, wenzangu wote wakaenda kulia, mimi nikaenda kushoto, nikasimama peke yangu kama mtu anayengoja ndugu yake stendi. Kocha akanifokea mbele ya benchi: Kisiki, usiku ulilala wapi! Wakacheka. Nikacheka na mimi, nikasema nilikuwa natega mtego.

Mbinu yenyewe tumeifanyia mazoezi mwaka mzima.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia Babu. Nilidhani nitamwambia kwa utani, ila ulivyotoka haukuwa utani. Tulikuwa wawili tu, anajifunga plasta mkononi. Nikasema kaka, lile la Septemba ulilonifundisha, limenikaba. Nimeumia kweli na karatasi inasema mzima.

Akacheka kwanza. Halafu akaona sicheki. Mimi nisiyecheka ni habari.

Akanyoosha mkono, akanionyesha kiganja. Pale plasta inapozunguka kifundo, ndani kwa ndani, kuna maandishi ya kalamu ya wino. Madogo madogo. Miaka miwili nimemwona nayo, nilijua ni dua. Nikasoma. Ni namba za mbinu za kocha: moja kulia, mbili zunguka, tatu mpe mrefu. Mbinu tatu. Mtu ana miaka kumi na saba kwenye ligi, ameziandika mkononi.

Tangu lini, nikamuuliza. Akasema sijui, na usiniulize tangu lini, ndilo swali nisiloliweza.

Nikamuuliza mbona hukumwambia dokta. Akasema nimwambie nini, mdogo wangu? Kila mwaka namwonyesha kichwa kibovu. Miaka mingapi nilikuwa nadanganya na miaka mingapi ni kweli, mimi mwenyewe mpaka wa kati yake umeshanipotea. Akafunika maandishi kwa plasta nyingine juu. Akasema wale wa enzi za baba yako waliumia mbele za watu. Sisi tumejifunza kuumia kwa siri, basi, ndiyo tofauti yote. Bunge limefungwa.

Akanipa kalamu. Nimeikataa. Nimeichukua.

Jumanne, 22 Oktoba

Mama anashona sare za shule, cherehani iko kona ya sebule. Nimezaliwa nikiisikia. Nikiwa mdogo nilikuwa silali isipolia.

Leo nilikuwa nimelala kwenye kochi, taulo usoni. Ile sauti ikawa inaingia kama msumari. Taka-taka-taka-taka. Nikavumilia. Nikahesabu. Mwisho nikasema Mama, hiyo kitu pumzisha kidogo.

Ikanyamaza hapo hapo. Nikangoja aniambie nikalale nje kama nimechoka na kazi yake, ndivyo anavyojibu. Nikatoa taulo. Alikuwa ameshika gurudumu kwa mkono mmoja, ananitazama mimi, halafu anamtazama Baba aliyekaa kwenye mkeka anapanga vifungo vya mashati, vyeupe na vyeupe.

Akasema, baba yako alianza hivi hivi. Kwa cherehani.

Nikamwambia Mama acha hizo, ni uchovu wa mazoezi. Akasema mwaka ule na yeye aliniambia ni uchovu. Nilihamishia mashine jikoni. Nilishona jikoni miaka mitatu, nilidhani tatizo ni mashine.

Nikajaribu kumtania. Nikasema mimi mgumu kuliko Baba, wangu wa kisasa. Hakucheka. Mama hana haraka akisema jambo. Akasema, nimeshauguza mmoja. Sina mikono ya wawili. Kama kuna mtu wa kuambiwa huko kwenu, mwambie. Kama huna ulimi, nitakuja na wangu.

Nikamkatalia. Nikamwapia. Nimemwapia mama yangu kwa jina lake.

Baba akainua kichwa kutoka kwenye vifungo, akaniuliza, wewe ni wa nani? Kwa upole tu, kama unavyomuuliza mtoto wa jirani aliyeingia kuomba maji. Nikamwambia wa kwako mzee. Akasema ahaa. Akaridhika.

Alhamisi, 31 Oktoba

Picha zimebandikwa ukuta mzima wa nje ya ukumbi. Mimi na Baba. Baba wa zamani, ngumi juu, jino la mbele halipo. Mimi nimejipiga kifua kwenye ile robo ya nne nisiyoikumbuka. Chini wameandika DAMU MOJA. Jumamosi tunarudiana na timu ya Mnara na klabu imemwalika Baba akae mstari wa mbele, kiti chenye kitambaa.

Walitaka na Trekta pia, wawakalishe wawili pamoja, wapeane mikono, watu wapige picha. Katibu wa klabu alimpigia simu. Akapokea mkewe. Akasema mume wangu hatoki tena nje, ahsanteni. Akakata.

Katibu kaniambia hilo huku anatabasamu, anasema si kitu, Radi mmoja anatosha. Halafu kocha naye: Kisiki, Jumamosi unaanza. Mara ya kwanza maishani mwangu naanza. Akanishika bega. Yule Mnara atakuja na hasira, nataka akukute. Nataka watu waone baba yako hajastaafu.

Nilitakiwa kuruka juu. Miezi miwili iliyopita ningejigamba kwa konda, kwa muuza maji, kwa mbwa. Nimesema ndiyo kocha. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma hadi ukuta ulipoacha kusogea.

Dokta alipita. Akasimama. Nilijua anasubiri. Ningesema neno moja tu angeweza kunitoa. Nikamwambia dokta, viatu vipya vinabana. Akasema, Kisiki, nitakuwa mlangoni Jumamosi. Akaondoka polepole, kama mtu anayempa mwenzie nafasi ya kumwita.

Sikumwita.

Jumamosi, 2 Novemba

Naandikia gotini, chumbani kwetu ukumbini. Siku hizi naandika papo hapo maana nikisubiri vinadondoka. Wenzangu wametoka kupasha misuli. Nimebaki mimi na Babu, anajifunga plasta. Mkono wangu wa kushoto na wenyewe una plasta. Ndani yake kuna maandishi. Sitaki kusema zaidi.

Kelele huko nje ni nyingi. Wameshamtangaza Baba. Nimesikia ukumbi ulivyopasuka, na nimechungulia: kakaa kwenye kiti chake cha kitambaa, kavaa shati Mama alilomshonea, anapunga mkono upande ambao hauna watu. Wakampigia makofi zaidi. Walidhani anatania.

Mnara amepita hapa mlangoni kabla hajaingia. Nikajua anakuja kunitisha. Akasimama akasema kwa sauti ndogo, bwana mdogo, kile kiwiko sikukusudia. Uko poa? Mtu mkubwa vile, ananiuliza kama nesi. Nikamwambia niko poa, na leo nitakung'oa meno uyapeleke nyumbani kwenye bahasha. Akatikisa kichwa akaenda zake. Hata wa kupigana naye sina.

Sasa Mama.

Amekuja hadi huku. Wanawake hawaingii chumbani kwetu, hajaingia, amesimama katikati ya mlango na mkoba wake kwapani. Mlinzi anamwambia mama huruhusiwi hapa, yeye hata hamgeukii. Nyuma yake namwona dokta, kajibanza ukutani.

Mama hakupandisha sauti. Akaniambia, baba, nina swali moja tu, ukilijibu naenda kukaa. Asubuhi ulikula nini?

Swali la kitoto. Nikafungua mdomo nimjibu kwa mzaha. Mzaha ukawepo, jibu halipo. Nikatafuta. Meza niliiona. Kitambaa cha meza nilikiona, na mkono wa Mama unaweka kitu. Pale kwenye sahani pako tupu kama ukuta uliopakwa chokaa.

Babu akadakia kutoka nyuma. Mayai, mama. Alisema alikula mayai.

Mama akasema, sikukuuliza wewe, mwanangu. Na wewe kaa chini, sura yako haijakaa sawa.

Babu akakaa.

Mama ananitazama. Nimeinama naandika, nimemwambia subiri Mama naandika mbinu ya kocha. Anasubiri. Dokta naye. Filimbi ya kuita wachezaji imelia mara moja. Kocha anaita huko nje, Kisiki yuko wapi, na wazee wameanza tena kule majukwaani, Radi, Radi, nusu yao wanamwita Baba, nusu wananiita mimi.

Chumba hiki mlango wake ni mmoja. Kwenda uwanjani ni hapo, na kwenda nyumbani ni hapo. Mama hajasogea. Kapanua na miguu kidogo, vile ninavyosimama mimi chini ya kikapu.

Filimbi ya pili. Nimeinuka.